Kurudi kusoma baada ya kuumia ubongo: mwongozo kwa anayeuguza nyumbani

Mdogo wangu aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali baada ya ajali ya bodaboda, ndugu walikuja na machungwa, maandazi na gazeti. Machungwa tulimmenyea akala. Gazeti alilishika, akalitazama kwa muda mrefu, kisha akalikunja na kulisukumia chini ya mto. Tukasema hana hamu ya kusoma. Zilipita wiki tatu kabla hatujagundua kwamba hamu anayo tele, ila kila mstari kwake ulikuwa unaanzia katikati.

Nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka mingi, kwa hiyo nilidhani kumrudisha mtu kwenye kusoma ni kazi ninayoiweza. Kumbe kumfundisha mtoto ambaye hajawahi kusoma ni kazi moja, na kumsaidia mtu mzima aliyekuwa anasoma ni kazi nyingine kabisa. Haya ndiyo ambayo ningependa mtu angenikalisha chini aniambie siku ile ya gazeti. Nakuandikia wewe unayemuuguza mume, mama, kaka au mtoto aliyeumia kichwa au aliyepatwa na kiharusi.

Kwanza, hakikisha wakati umefika

Mtu aliyetoka kugongwa kichwa hasomi. Kwa mtikisiko wa ubongo usio mkubwa, ushauri wa kawaida wa madaktari ni kupumzika siku moja au mbili, simu na televisheni zikiwekwa kando, kisha kurudia shughuli kidogo kidogo kadiri kichwa kinavyoruhusu. Kwa aliyeumia zaidi, aliyelazwa au kufanyiwa upasuaji, subiri daktari aseme. Ukiona maumivu ya kichwa yanazidi badala ya kupungua, anatapika, anasinzia na haamshiki vizuri, mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko ya pili, mdomo umepinda, mkono umelegea ghafla au ameshikwa na degedege, weka kitabu chini umpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Halafu uliza miwani yake iko wapi. Nazijua familia zilizohangaika mwezi mzima zikidhani ubongo wa mzee umekataa herufi, kumbe miwani ya kusomea ilibaki kwenye gari lililompeleka hospitali. Na kama anaona vitu viwili viwili, au anasema herufi zinacheza, aanzie kwa daktari wa macho kabla ya jambo lingine lolote.

Tafuta kusoma kumekatikia wapi

Kusoma kuna kazi nyingi ndani yake. Macho hukimbia kwenye mstari, ubongo hutambua herufi, huunganisha silabi, hulipa neno maana, kisha huishika sentensi tangu mwanzo hadi mwisho ufike. Jeraha linaweza kukata popote kati ya hapo. Mwaka 1892 daktari Mfaransa aitwaye Dejerine alieleza habari za mgonjwa wake ambaye, baada ya kiharusi, aliweza kuandika lakini hakuweza kusoma alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo usimhukumu mtu wako kwa jaribio moja.

Andika mistari mitano ya maneno ya kawaida kwa herufi kubwa kiasi. Kaa ubavuni mwake, mwache asome kwa sauti, nawe andika anachokisema bila kumsahihisha. Kisha linganisha.

Kama anaruka mwanzo wa mstari, au mwanzo wa neno lenyewe, huenda ubongo wake hauujali upande wa kushoto. Hili huwapata zaidi walioumia upande wa kulia wa ubongo, na mara nyingi mwenyewe hajui kwamba kuna kitu amekiacha. Ndivyo alivyokuwa mdogo wangu. Niliandika "Hatakuja leo", akasoma "Atakuja leo", tena kwa sauti ya mtu asiye na shaka hata kidogo. Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa tatizo kwa msomaji wa Kiswahili. Lugha yetu hupakia mambo mazito mwanzoni mwa neno: ni nani, ni lini, ni ndiyo au hapana. Anayekosa upande wa kushoto hukosa hayo hasa. "Usitumie ukiwa na njaa" kwake ni "tumie ukiwa na njaa." Anabaki na kitenzi kizima, lakini maana imepinduka.

Kama anaishia kabla ya mwisho wa mstari, au anakwenda polepole mno kama anayepapasa gizani, huenda haoni vizuri upande wa kulia. Kwa maandishi yanayotoka kushoto kwenda kulia hili linachosha sana, maana jicho la msomaji huchungulia neno linalofuata kabla ya kulifikia. Kwa anayesoma Kurani kwa hati ya Kiarabu mambo yanageuka: aliyepoteza kulia ndiye anayekosa mwanzo wa mstari. Mzee anayesoma hati zote mbili mjaribu kwa zote mbili, kwa sababu anaweza kukwama kwa namna tofauti, na pengine moja itakuwa nyepesi kwake.

Wengine wanaona kila herufi, lakini maneno hayawapi maana, au wanatazama neno "kikombe" wanatamka "chai". Hii ni afasia, tatizo la lugha, na kwa watu wengi hutokana na kuumia upande wa kushoto wa ubongo. Akili yake ipo. Anakujua, anaijua nyumba, anajua nani anamdai. Kilichoumia ni njia ya maneno, kwa hiyo usimpazie sauti kama kiziwi na usimzungumzie kama hayupo.

Wapo pia wanaosoma vizuri kabisa sentensi ya kwanza na ya pili, wakifika ya tatu ya kwanza imeshayeyuka. Na wengi wana uchovu wa ubongo: asubuhi ataweza dakika kumi, jioni hata jina lake mwenyewe linamshinda. Tafadhali usiuite uvivu. Niliwahi kuuita hivyo, na nilimwona alivyonywea.

Tengeneza ukurasa kabla ya kumtengeneza msomaji

Kwa anayekosa kushoto, chora mstari mwekundu mnene ukingoni kushoto mwa ukurasa, kutoka juu hadi chini. Sheria ni moja: husomi mpaka uuone wekundu. Kila anapomaliza mstari, jicho lirudi mpaka liukute tena. Kama mkono wa kushoto una nguvu hata kidogo, ukae pale juu ya ule mstari, kwa sababu kuutumia mkono huo huusaidia ubongo kuukumbuka upande wake. Siku za mwanzo utasema "tafuta nyekundu" mpaka sauti ikauke. Baadaye utamsikia akijiambia mwenyewe kwa kunong'ona. Kwa anayekosa kulia, rangi iwe ukingoni kulia, naye asihesabu kwamba mstari umeisha mpaka aifikie.

Kata kipande cha manila ukitoboe dirisha jembamba la kuonyesha mstari mmoja tu. Anakishusha mstari kwa mstari, na maneno mengine yote yanabaki yamefunikwa. Kifaa hiki hakigharimu chochote, na kimetusaidia kuliko vyote tulivyonunua.

Ukienda steshenari kuchapisha, waambie herufi ziwe za ukubwa wa 18, mistari iachane, karatasi isiwe ya kung'aa, na wachape upande mmoja tu. Usikubali herufi kubwa tupu (KAMA HIZI) kwa ukurasa mzima, zinachosha macho. Nyumbani, mwanga wa dirisha utokee nyuma ya bega lake, kitabu kiegemezwe, redio izimwe, na watoto wacheze nje.

Kisha yapunguze maneno. Kiswahili kina neema moja kubwa kwa mgonjwa wa namna hii: kinatamkwa kilivyoandikwa. Mtu asiyeweza tena kulitambua neno kwa kulitupia jicho anaweza bado kulijenga kwa silabi. Lakini kina mzigo wake pia, kwamba neno moja linaweza kuwa sentensi nzima. "Hawajatuletea" ni neno moja kwa jicho na habari nne au tano kwa ubongo. Lipasue kwa penseli: ha / wa / ja / tu / letea. Siku za mwanzo liepuke kabisa, andika "Mama amefika. Ana ugali."

Asome nini

Hapa ndipo nilipokosea zaidi. Nilichukua kitabu cha darasa la kwanza kutoka kabatini kwangu, chenye picha ya kuku na baba anayelima, nikamwekea mbele. Alikitazama, akakisukuma kwa mkono wake mzima, akasema, "Dada, mimi si mtoto." Kwa wiki nzima hakukubali karatasi yoyote kutoka kwangu. Maandishi yawe mepesi kwa lugha, lakini yawe ya mtu wa umri wake.

Kilichomrudisha ni msimamo wa ligi. Niliukata kutoka gazetini, timu tano za juu tu, nikauchora mstari mwekundu. Ukifikiri utaona kwa nini ulifaa: mistari ni mifupi, kila mmoja una jina analolijua na tarakimu chache, na nusu ya majibu anayo tayari kichwani, kwa hiyo anachokijua kinambeba pale jicho linapoyumba. Na ana sababu ya kusoma. Alitaka kujua Yanga iko wapi.

Kwa mtu wako tafuta kitu cha namna hiyo hiyo. Mama aliyekuwa mhasibu wa kikoba, mpe orodha ya majina ya wanachama. Fundi seremala, mpe bei za mbao na misumari. Mpishi, mpe viungo vya pilau, kimoja kila mstari. Mwanakwaya, ratiba ya Jumapili.

Yale anayoyajua kwa moyo yana nguvu ya pekee, hasa kwa mwenye afasia: Zaburi ya 23, Al-Fatiha, wimbo wa taifa, pambio la kanisani. Watu wengi wasioweza kutamka sentensi wanaweza kuimba ubeti mzima. Yaandike kwa maandishi makubwa, apitishe kidole chini ya kila neno huku mnaimba au kusoma pamoja taratibu, ili mdomo uongoze jicho. Ujue tu kwamba hapo anakariri zaidi kuliko kusoma. Kesho yake toa neno moja katika ubeti ule, liandike peke yake, uone kama analitambua likiwa nje ya nyumba yake.

Gazeti lije baadaye, tena kwa vichwa vya habari na maelezo ya chini ya picha tu. Aliyependa riwaya arudie ile aliyoisoma zamani, maana haina haja ya kumshangaza, na anapopoteza uzi anajua pa kuuokota. Habari za ajali ziache kwa miezi ya kwanza. Fomu za bima na barua za polisi zisome wewe.

Kikao chenyewe

1. Chagua saa yake nzuri. Kwa wengi ni asubuhi, baada ya chai na dawa, kabla wageni hawajaanza kuingia.

2. Msomee wewe kwanza, taratibu, yeye akifuata kwa kidole.

3. Someni pamoja kwa sauti moja. Yako iwe chini kidogo ya yake, imshike pale anapoteleza bila kumtangulia.

4. Asome peke yake. Akikwama, mpe neno mapema. Usimwambie "kisia". Mwenye tatizo la kumbukumbu mara nyingi hukumbuka kile alichokikisia, na kosa hilo litamrudia kesho na keshokutwa.

5. Uliza swali moja tu: "Nani amefika?" Asiyeweza kusema aonyeshe kwa kidole kati ya majibu mawili uliyoyaandika.

6. Simamisha kabla hajachoka. Anza na dakika tano. Akianza kupangusa macho, kurudia mstari ule ule au kujibu kwa ukali, umeshachelewa. Vikao viwili vifupi kwa siku vinashinda saa nzima ya kulazimishana.

Rudieni maandishi yale yale siku tatu au nne kabla ya kubadilisha. Utachoka wewe kabla yake. Yeye kila siku anayapata yakiwa mepesi zaidi kuliko jana, na wepesi huo ndio anaoutafuta.

Kwa anayesahau, andika neno moja pembeni mwa kila aya kumwonyesha aya ile inahusu nini. Funga karatasi, muulize baada ya dakika moja, tena baada ya tano, tena wakati wa chakula cha mchana. Akishindwa, mwambie jibu mara moja na mpunguzie muda.

Atalia siku nyingine, au atatupa karatasi. Jeraha la ubongo huondoa breki za hisia, na mtu mpole anaweza kuwaka kwa neno dogo. Funga kitabu, mletee maji, msihubiriane. Na nakuomba, usimfanye maonyesho. "Hebu msomee shangazi aone" ni maneno ya upendo, lakini mbele ya watu wazima waliokuwa wakimjua dereva hodari, ni mtihani ambao hakuuomba.

Kama aliyeumia ni mwanafunzi, nenda shuleni mwenyewe ukazungumze na mwalimu kabla hajarudi. Aanze kwa nusu siku, akae mbele, aongezewe muda wa mtihani, na asisomeshwe kwa sauti mbele ya darasa mpaka mwenyewe aseme yuko tayari.

Vitu asivyopaswa kusoma peke yake

Maelezo ya dawa, ujumbe wa pesa kwenye simu, na karatasi yoyote ya kutia sahihi. Nimeshaeleza "usitumie" inavyoweza kugeuka "tumie". Tarakimu ni hatari zaidi: anayekosa kushoto anaweza kuisoma 120,000 kuwa 20,000 na akaapa ndivyo alivyoona. Matapeli wa simu nao hawachagui. Lakini usimnyang'anye simu. Kaa naye, asome yeye, wewe hakikisha. Mkubaliane kwamba hakuna pesa inayotumwa mpaka macho manne yameona.

Siku ambazo macho yamegoma, masikio yasome. Waombe ndugu walio mbali wamtumie ujumbe wa sauti, naye afuate yale yale uliyoyanakili kwenye karatasi. Taarifa ya habari ya redioni, iliyozungumzwa kidogo baada ya kusikilizwa, ni mazoezi kamili ya kumbukumbu na ya lugha.

Wataalamu

Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha ni wachache hapa Tanzania, na familia nyingi hazikutani nao kabisa. Wa tiba kazi, wanaomsaidia mtu kurudia shughuli zake za kila siku, unaweza kuwapata kwa urahisi kidogo. Taaluma hiyo inafundishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, na inafaa kuwaulizia katika hospitali za rufaa. Ukifika usiseme tu "hawezi kusoma". Chukua ile karatasi uliyoandika makosa yake, yaliyoandikwa upande mmoja na aliyoyatamka upande wa pili. Omba uoni wake upimwe pande zote mbili, na uliza ni sehemu gani ya kusoma iliyoumia. Karatasi ile itampa mtaalamu picha ambayo dakika chache za kliniki haziwezi kumpa.

Nafuu huwa ya kasi zaidi katika miezi ya mwanzo. Baada ya hapo inapunguza mwendo, lakini haikomi, na watu wanaendelea kurudisha uwezo hata miaka baadaye. Mtu akikuambia miezi sita imepita basi hapo ndipo mwisho, usimkubalie.

Daftari lake

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo ninaloliamini kuliko yote. Kitabu kinachomfaa zaidi hakiuzwi dukani, utakiandika wewe.

Nunua daftari kubwa la jalada gumu. Kila ukurasa picha moja na sentensi mbili au tatu za kweli. Jina lake, mahali anapoishi, anaoishi nao. Picha ya nyumba, ya mama, ya pikipiki yake kabla ya ajali. Ratiba ya siku. Na ukurasa wa ajali yenyewe, kwa sababu walioumia kichwa mara nyingi hupoteza kabisa kumbukumbu ya siku zile, na siku hizo zisiporudi hubaki wakiuliza. Mdogo wangu aliuliza mara kumi kwa siku. Tulichoka kujibu, naye aliuona uchovu wetu. Tulipomwandikia, aliacha kutuuliza sisi, akawa analiuliza daftari. Usiandike la kumfariji ambalo si kweli, na kabla ya kuandika jambo zito muulize kama analitaka mle.

Ukurasa huo niliuandika hivi: "Uligongwa na gari ukiwa kwenye bodaboda. Ulilala hospitali siku 19. Mama alikuwa nawe kila siku." Aliusoma kila asubuhi kwa miezi, kidole kikianzia kwenye wekundu. Mwezi wa saba, nikiwa jikoni, aliniita nimpe kalamu. Nilimkuta ameinama juu ya ukurasa ule. Alikata ile "U" ya kwanza ya "Uligongwa", herufi iliyoko kushoto kabisa, iliyokaribia kugusana na mstari mwekundu, akaandika juu yake kwa mkono unaotetemeka: "Ni".